Kompyuta Yako Inamuuliza Nani Njia?

Maelezo yaliyotolewa mjini Isebania mbele ya wenye saiba, mawakala wa forodha, walimu na wafanyabiashara. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Najua saa moja ina bei yake, hasa kwa wakala ambaye lori la mteja wake liko kwenye foleni pale mpakani. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nimeombwa kuzungumza kuhusu kitu kimoja kidogo kilicho ndani ya kila kompyuta, ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa kwa sababu kompyuta huja kikiwa kimeshapangwa. Kinaitwa DNS. Mafundi hutaja neno hilo kana kwamba kila mtu alizaliwa akilijua. Mimi nilisomea uandishi wa habari, si uhandisi, kwa hiyo nitalieleza kwa lugha ya stendi.

Mgeni akishuka kwenye matatu hapa Isebania, akamwambia mtu wa boda, "Nipeleke kwa Marwa," atapelekwa wapi? Jameni, mji huu una akina Marwa wangapi? Mgeni hajui. Atapelekwa kwa Marwa ambaye mtu wa boda anamjua, au kwa yule anayemlipa boda ili amletee wageni. Akifika atabisha hodi, atakaribishwa, atakabidhi mzigo. Hana njia ya kujua kama huyo ndiye Marwa aliyetumwa kwake.

Kompyuta yako iko hivyo hivyo. Kwenye intaneti mashine hazifikiani kwa majina bali kwa nambari. Ukiandika itax.kra.go.ke, kompyuta haijui KRA iko wapi. Ni lazima kwanza iulize: jina hili lina nambari gani? Mashine inayojibu swali hilo ndiyo seva ya DNS. Jibu likirudi, kompyuta huenda moja kwa moja kwenye nambari iliyopewa. Yote hutokea chini ya sekunde moja, na hutokea kwa kila tovuti unayofungua.

Sasa swali la leo ni hili: kompyuta inamuuliza nani?

Windows ikitoka dukani, mpangilio wake unasema "Automatic". Kompyuta za Apple na zile zenye Ubuntu nazo huja hivyo. Maana yake ni kwamba mtandao wowote utakaounganishwa nao ndio utakaoiambia kompyuta imuulize nani. Nyumbani, ruta itakuelekeza kwa kampuni inayokuletea intaneti. Kwenye saiba, utauliza ruta ya saiba. Hotelini, utauliza ruta ya hoteli. Ukiwasha intaneti ya simu na kuigawia laptopu, utauliza kampuni ya simu. Na kwa sababu hapa wengi wetu tuna laini mbili, ukitumia laini ya Tanzania utakuwa unauliza kampuni ya Tanzania hata kama umeketi upande huu wa mpaka. Ndiyo maana mtandao wa X ulipofungwa Tanzania mwezi Mei 2025, aliyekuwa na laini ya huko hakuwa na sababu ya kulaumu laptopu yake.

Mpangilio huu si mbaya. Bila huo, kila mtu angelazimika kuandika nambari kwa mkono kila anapohama kutoka waifai moja hadi nyingine, na nusu yetu tungekuwa tumeacha kutumia intaneti. Ila kuna jambo halisemwi wazi. Kila unapojiunga na mtandao wa mtu, unamkabidhi uamuzi wa mahali ambapo jina "eCitizen" litakupeleka, na jina la benki yako pia. Mwenye mtandao akiwa mwaminifu, na ruta yake ikiwa haijaguswa, hakuna neno. Lakini hukuulizwa kama unakubali.

Nirudi nyuma kidogo. Zamani za mwanzo wa intaneti hapakuwa na seva za kuuliza. Kulikuwa na orodha moja tu ya majina na nambari, iliyotunzwa Marekani katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, na kila mwenye kompyuta aliichukua na kuinakili. Mashine zilipokuwa nyingi, orodha ikazidiwa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo huu wa kuulizana tunaoutumia hadi leo. Jina la nchi yetu, .ke, liliingizwa kwenye mfumo huo mwaka 1993. Aliyelisimamia hapa nchini kwa kujitolea ni Dkt. Shem Ochuodho, yule yule aliyekuja kuwa mbunge wa Rangwe, jirani zetu wa Homa Bay, katika uchaguzi wa 1997. Mwaka 2002 kazi hiyo ikaenda kwa KeNIC, shirika linalosajili majina ya .ke hadi sasa. Naitaja habari hii kwa sababu watu husema mambo haya ni ya Wazungu. Mtu wa huku kwetu alishika daftari la majina la nchi nzima kabla wengi wenu hapa hamjaona kompyuta.

Ile orodha ya zamani, hata hivyo, haikufa. Iko ndani ya kompyuta yako hadi leo. Kwenye Windows ni faili inayoitwa "hosts", ndani ya folda ya System32, kisha drivers, kisha etc. Kompyuta huiangalia faili hiyo kabla haijamuuliza mtu yeyote. Likikutwa humo jina la benki na nambari ya mwizi, mwizi ameshinda hata kabla ya swali kutoka nje. Vijana wa saiba, ifungueni kwa Notepad mkirudi. Mistari inayoanza kwa alama ya reli ni maelezo tu. Mstari usio na alama hiyo, unaotaja tovuti unayoijua, na ambao hukuuandika wewe, uulizie. Na tuambiane ukweli: zile programu za "bure" zilizovunjwa kufuli, ambazo zimejaa kwenye mashine nyingi za saiba, hupenda sana kuandika ndani ya faili hiyo.

Kuna atakayesema hii ni hofu ya bure. Basi nitoe mifano miwili iliyotokea.

Kuanzia mwaka 2007 kulikuwa na programu hasidi iliyoitwa DNSChanger. Haikufuta mafaili wala kufunga kompyuta. Ilibadilisha kitu kimoja tu, yaani nani anaulizwa. Kompyuta iliyoambukizwa iliacha kuuliza kampuni yake ya intaneti, ikawa inauliza seva za genge fulani huko Estonia, nazo zilimpeleka mtu kwenye matangazo na kurasa walizotaka wao. Kompyuta zipatazo milioni 4, katika nchi zaidi ya 100, zilikuwa zimeingiliwa wakati FBI na polisi wa Estonia walipowakamata wahusika Novemba 2011. Hapo ndipo shida ya pili ilipoonekana. Kama seva za wezi zingezimwa siku hiyo, mamilioni ya watu wangepotelewa na intaneti ghafla, kwa sababu mashine zao hazikujua kumuuliza mtu mwingine. Ikabidi mahakama iruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile za wezi, na zikaendeshwa hadi tarehe 9 Julai 2012. Fikirieni: karibu miezi minane, na bado walikuwepo watu ambao hawakuwa wamegundua chochote. Tovuti zilifunguka, kwa hiyo nani angeshuku?

Mfano wa pili ni wa hapa nchini. Mwaka 2013, kwa muda mfupi, baadhi ya watu walioandika google.co.ke walijikuta kwenye ukurasa wa mdukuzi. Mashine za Google zenyewe hazikuguswa. Kilichobadilishwa ni maandishi yanayosema jina hilo liko wapi. Ni kama kung'oa kibao cha barabarani pale Mabera na kukielekeza kwingine. Mji wa Migori haujahama, lakini wewe hutafika.

Mfano huu wa pili ulikuwa juu kabisa, kwa wanaosimamia majina, na mimi na wewe hatuna cha kufanya huko. Ule wa kwanza ulikuwa chini, kwenye mashine ya mtu mmoja mmoja. Katikati ya hizo mbili kuna kifaa ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kinachotuhusu zaidi hapa Isebania. Ni ruta.

DNSChanger ilijaribu pia kuingia kwenye ruta, kwa kutumia neno la siri la kiwandani. Mnalijua. Mara nyingi ni "admin" na "admin", na limeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Sasa tazameni saiba ya kawaida. Ruta iko juu ya kabati. Waifai ni ile ile kwa mashine za saiba, kwa laptopu ya mwenye saiba, na kwa simu za wateja wanaongoja kuchapishiwa karatasi. Mteja yeyote aliyeunganishwa anaweza kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, akaweka admin na admin, na akaandika seva ya DNS anayotaka. Ni kazi ya dakika mbili. Kuanzia hapo kila kompyuta ya saiba hiyo iliyo kwenye "Automatic" itamtii, bila hata moja kuambukizwa kirusi. Utapeleka mashine kwa fundi, atasafisha Windows upya, na tatizo litabaki pale pale juu ya kabati.

Na watu hufanya nini kwenye saiba? Mwezi Juni wanawasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Wanaomba cheti cha maadili mema, pasipoti, leseni ya gari. Mzazi anakuja na mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne kuchagua kozi. Wengi wa hao hawajui neno lao la siri. Analijua kijana wa saiba, ambaye ameliandika kwenye daftari. Ruta moja ikigeuzwa, si mtu mmoja anayeibiwa bali daftari zima. Hilo ndilo lililonifanya nikubali kuja kusema leo.

Kuna kinga moja ambayo tayari mnayo. Tovuti za serikali na za benki zina kufuli kwenye kivinjari. Kufuli hiyo ni kama kitambulisho: tovuti inatakiwa kuthibitisha kwamba hilo jina ni lake. Ukipelekwa kwa Marwa wa uongo, hataweza kuonyesha kitambulisho cha Marwa wa kweli, na kivinjari kitakutolea onyo kubwa kwamba muunganisho si salama. Tatizo ni sisi. Mteja ana haraka, foleni ni ndefu, onyo linatokea, kijana anabonyeza "Advanced" halafu "Proceed", maisha yanaendelea. Kwenye tovuti ya pesa au ya serikali, usibonyeze hivyo hata siku moja. Kwanza angalia kama saa na tarehe ya kompyuta ni sahihi, maana betri ikifa tarehe hurudi nyuma na onyo hilo hutokea bila mwizi. Tarehe ikiwa sawa na onyo bado lipo, toka kwenye waifai hiyo, jaribu kwa intaneti ya simu. Ikifunguka vizuri huko, basi shida iko kwenye waifai au kwenye mashine.

Ila kufuli haimzuii mwizi wa aina nyingine, yule anayejisajilia jina lake linalofanana na la serikali. Huyo kufuli anayo, na ni halali, kwa sababu jina ni lake kweli. Hapa dawa ni kusoma. Jina la tovuti husomwa kutoka kulia. Likiishia na .go.ke ni la serikali, maana mwisho huo hausajiliwi kwa mtu binafsi. Lakini kitu kama ecitizen.go.ke.kitukingine.com ni cha mwenye kitukingine.com, hata kama mwanzo wake unapendeza. Nakiri kwamba sisi upande wa serikali tungeweza kuwasaidia zaidi. Watoto wanaochagua vyuo huelekezwa kuccps.net, ambayo ni ya kweli ingawa haina .go.ke. Hivyo mzazi anaambiwa aamini .go.ke peke yake, kisha anatumwa kwingine. Kwa tovuti kama hizo, andika jina kutoka kwenye barua rasmi au tangazo rasmi. Usifuate kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Niingie sasa kwenye mipangilio yenyewe, na hapa nazungumza zaidi na wenye saiba na ofisi.

Kazi ya kwanza ni ruta, si kompyuta. Ingia, badilisha neno la siri la msimamizi, uangalie sehemu ya DNS imeandikwa nini. Kama ruta yako ina waifai ya wageni, iwashe, wateja wakae huko, na mashine za kazi zikae kwao. Ukifanya hili tu na usifanye jingine lolote, bado nitakuwa nimeridhika.

Kisha, kwenye kila kompyuta ya Windows, fungua dirisha jeusi la amri na uandike ipconfig /all. Tafuta mstari wa "DNS Servers". Ukiona nambari inayoanza na 192.168, kompyuta inauliza ruta, na ruta umeshaikagua. Ukiona nambari nyingine, iulizie kwa kampuni yako ya intaneti kama ni yake. Huhitaji kuwa fundi kusoma mstari mmoja.

Je, ubadilishe, uandike nambari yako mwenyewe? Inategemea. Kuna seva za umma zinazojulikana: 8.8.8.8 ya Google tangu 2009, 9.9.9.9 ya Quad9 tangu 2017, 1.1.1.1 ya Cloudflare tangu 2018. Quad9 hukataa kujibu majina yanayojulikana kuwa ya wezi, na kwa saiba naiona ina faida. Kwenye Windows 11 sehemu hii iko ndani ya "Network & internet", na ukiandika mojawapo ya nambari hizo unaweza pia kuwasha usimbaji, ili mwenye waifai asione majina unayouliza. Usimbaji huo hauji umewashwa. Kwa kawaida maswali ya DNS husafiri kama kadi ya posta, na kila anayeishika anaweza kusoma.

Hata hivyo, msikimbilie kubadilisha kila mashine. Ofisi yenye seva yake ya ndani au printa inayoitwa kwa jina itapotewa nazo, kwa sababu Google haijui printa yako. Ofisi za kaunti, shule na hospitali ziulize mtu wa ICT kwanza. Na ukiandika nambari ya Google au Cloudflare, hujaondoa imani kwa mtu. Umeihamisha tu kutoka kwa mwenye ruta hadi kwa kampuni ya Marekani. Kwa laptopu inayozunguka kwenye waifai za watu, naona ni badiliko zuri. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye ruta iliyofungwa vizuri, sioni haja.

Kuna jambo moja zaidi la Windows ambalo wengi hawalijui. Ikikosa jibu la jina, kompyuta hupaza sauti kwenye waifai yote, kama mtu anayeita sokoni: "Nani hapa anaitwa hivi?" Na yeyote anaweza kuitika, "Mimi." Kompyuta ya mwizi ikiitika, mashine yako inaweza kuanza kujitambulisha kwake kwa jina la mtumiaji na neno la siri lililofichwa kwa hesabu, ambalo mwizi huenda akalifumbua baadaye. Kwenye waifai isiyo yako, Windows ikikuuliza aina ya mtandao, chagua "Public". Ofisini, mwambieni fundi wenu azime LLMNR na NetBIOS. Atawaelewa. Asipowaelewa, mmejua pia kitu kuhusu fundi wenu.

Tusilaumu DNS kwa kila kitu, lakini. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa, tovuti ilikwama kwa sababu ilifurikiwa na maombi bandia. Jina lilikuwa mahali pake, na kubadilisha mipangilio kusingesaidia. Tofauti huonekana kwenye ujumbe wa kosa. Ukisema anwani ya seva haikupatikana, au ukiona herufi DNS au NXDOMAIN, shida ni ya jina. Angalia kwanza kama umeliandika sawa, kisha andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani, ujaribu tena. Ukisema seva imechelewa kujibu, mara nyingi jina limepatikana na mwenyewe ndiye amezidiwa. Ngoja, au rudi kesho. Usimtoze mteja kwa kuwasha na kuzima ruta.

Nilipokuwa nikiandaa maneno haya niliulizwa na watu kadhaa: na simu je? Maana wengi hapa hawana kompyuta kabisa. Simu nayo huuliza mtandao wake kama laptopu. Kwenye Android, kuanzia toleo la 9, kuna sehemu inayoitwa "Private DNS", na huja ikiwa "Automatic". Hapo simu hujaribu kusimba maswali yake, lakini seva inayouliza ni ile iliyopewa na mtandao, na seva hiyo isipoweza kusimba, simu huuliza wazi. Ukitaka simu iulize unayemtaka wewe popote ulipo, upande huu au Sirari, weka jina la seva unayoiamini kwenye sehemu hiyo. Kwa Quad9 ni dns.quad9.net. Ukikuta waifai ya hoteli inagoma kufunguka baada ya hapo, rudisha "Automatic" kwa muda, ingia, kisha weka tena.

Aliyepoteza pesa au akaunti apige ripoti polisi, na pia kwa KE-CIRT, kituo cha Mamlaka ya Mawasiliano kinachoshughulikia mashambulizi ya mtandaoni. Apige picha ya skrini kabla hajafunga ukurasa, na anwani yote ya tovuti ionekane kwenye picha. Maswali mengine nitayachukua sasa, mmoja mmoja, tukianzia na mzee aliyeketi mlangoni.